Bibi Hakumla Jogoo Yule

Nilipokuwa mdogo kiasi cha kupotea katikati ya mikahawa ya shamba letu pale Igamba, mama alilala kitandani karibu msimu mzima wa mvua, uso ameuelekeza ukutani. Hakuwa na homa. Hakuoga, hakusuka nywele, na uji tuliompelekea tuliukuta umeganda. Bibi, mama yake baba, alisema ni mizimu: nyumba yetu ya bati ilijengwa bila wazee kuonjeshwa pombe ya ulezi, sasa wamemkalia mkwe wao.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, akakataa katakata. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kiangazi kilipoingia alimwacha bibi apike pombe na kuimwaga kwenye kaburi la babu, kule migombani. Yeye alisimama mbali, kofia mkononi, akijifanya mpita njia.

Haukupita muda mama akaamka. Na aliamka kweli! Alifua hadi mapazia, akaimba nyimbo za kwaya kabla jogoo hawajawika, akaongea mpaka wageni wakasahau kilichowaleta. Baba akachinja jogoo, majirani wakaja kushukuru. Mimi nilikula paja zima nikiamini nimerudishiwa mama yangu.

Bibi peke yake hakugusa nyama.

"Mama, mbona huli? Si ulisema wataondoka?" baba alimuuliza.

"Mizimu ikiondoka, baba, mtu analala usingizi. Huyu halali. Mfichie panga."

Baba alicheka. Nadhani alikuwa amechoka kuogopa.

Wiki ileile mama aliingia shambani, akaikata mikahawa iliyoanza kuiva, mstari kwa mstari, akitucheka tulivyolia. "Tunapanda parachichi, wanangu! Tutajenga ghorofa!" Mikahawa ile ilipandwa na babu. Baba alipofika alikaa chini kwenye matawi, hata kumkemea akashindwa. Na kabla hatujaona mche mmoja wa parachichi, mama alikuwa ameshaugeukia ukuta tena. Watu wakanong'ona kwamba bibi ndiye mchawi, la sivyo angejuaje?

Mama aliishi hivyo, akipanda na kushuka, hadi tulipomzika. Jina la ugonjwa wake nililisikia ukubwani, kliniki hapa Tunduma, nilipompeleka mdogo wangu Neema. Alikuwa amejifungia ndani miezi, kisha ghafla akafungua duka, akawa anaongea bila kituo. "Dada, usingizi ni wa maskini!" aliniambia. Daktari alieleza kuwa huzuni ile nzito na uchangamfu ule uliopitiliza ni ugonjwa mmoja. Swali lake la kwanza lilikuwa: analala? Nilimkumbuka bibi, nikalia palepale kwenye benchi. Alikosea jina la kitu, lakini alikiona.

Neema anameza dawa, siku nyingine anazificha. Nimechoka, nasema wazi. Inachosha kuiogopa furaha ya mtu unayempenda, kumsikia anacheka, wewe unahesabu saa alizolala.

Jana alipiga simu alfajiri. Amepata wazo, anahamishia duka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, siku hiyohiyo, gari ameshaita. Nilimwacha amalize.

"Umelala, mdogo wangu?"

"Sijalala, dada," akasema. "Njoo."