Bahari ya Nizwa

Mkufunzi wetu pale chuo cha ualimu Kitale alitupa mradi mmoja wa muhula mzima: kila mtu achague nchi ya kigeni, ajiulize swali lake mwenyewe, alitafutie jibu mwenyewe, na azungumze na angalau mtu mmoja anayeishi huko. Yeye hatafundisha kitu, alisema, atasikiliza tu. Wenzangu wakakimbilia Kanada na Japani. Mimi nikaandika Omani, na swali langu lilikuwa fupi hadi darasa likacheka: mtu akitoka nje asubuhi, anaona nini?

Sikuwaambia kwamba dada yangu yuko huko, mwaka wa pili sasa, anamtunza bibi mmoja mzee katika mji unaoitwa Nizwa. Sikuwaambia pia kwamba swali langu hasa halikuwa hilo. Nilitaka kujua kama dada yuko sawa, na sikuwa na njia ya kumuuliza.

Utasema, kwani simu ni ya nini? Basi njoo kwetu Sirisia Jumapili baada ya kanisa. Simu ya dada huja Jumapili tu, na ni ya boma zima. Mama huiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, sufuria inakaa juu ya kiti katikati ya sebule, na kila aliyeandamana nasi kutoka kanisani anainama kusalimia. Dada anaulizia ng'ombe, anaulizia mahindi, anaulizia goti la mama. Kule upande wa pili bibi naye husikiliza, maana anajua Kiswahili na anapenda salamu za watu. Ndiyo sababu hatumsemeshi dada kwa Kibukusu. Siku moja bibi alichukua simu akamsalimu mama kwa Kiswahili kilichonyooka, mama akajikuta ameketi wima. "Huyo anaongea kama redio," alituambia, akajivuna wiki nzima.

Sasa mbele ya umati kama huo, nani atasema amechoka?

Jumapili ya kwanza ya mradi nilisafiri kutoka Kitale na daftari jipya. Nikangoja zamu yangu, nikainama juu ya sufuria.

"Dada, ni mimi. Asubuhi ukitoka nje, unaona nini?"

Nilidhani mtandao umepotea.

"Si bahari?" mama akamjibia. Ni yeye aliyekuwa amewaambia akina mama wa kanisa kwamba binti yake anaishi kando ya bahari.

"Eeh," dada akasema. "Bahari."

Watu wakafurahi. Hakuna hata mmoja wetu pale sebuleni aliyewahi kuiona bahari. Jirani akasukuma kichwa chake mbele. "Inakuwanga rangi gani?"

"Buluu, mama. Buluu tu."

Mama akanigeukia. "Andika hiyo," akasema. Nikaandika.

Swali lenyewe sikulitoa mbali. Tulipokuwa wadogo, dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mlango. Mama akiwa jikoni angeuliza, "Mlima uko aje?" na dada angesimama uani, aangalie Elgon, kisha arudi na jibu. Mlima ukiwa wazi tulianika mahindi. Ukiwa umejifunika tuliyaacha ndani. Mama alimwamini kuliko redio. Alipoondoka kazi hiyo ilinibakia mimi, na katika wiki mbili nililowesha mahindi mara tatu.

Kitale ninaishi peke yangu, chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Mvua hunyesha alasiri, na ikipiga mabati husikii hata unachowaza. Alasiri moja ya namna hiyo nilifungua ramani kwenye simu nitafute Nizwa, ili nichore mji na bahari yake. Nikavuta ramani, nikavuta tena. Nizwa iko bara. Imezungukwa na milima na jangwa, na kwenda pwani ni safari ya gari.

Kwanza nilikasirika. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na aibu ya kudanganywa mbele ya watu wote hao ilinichoma. Hasira ikapoa, ikabaki hofu. Mtu haangalii nje hadi mwaka wa pili? Nilitafuta wa kumwambia, nikakosa. Mama singeweza kumwambia, na wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu treni za Japani. Sijawahi kuwa mpweke kama wiki ile. Basi nikafanya lililowezekana, nikaisoma Nizwa. Kila siku baada ya masomo nilisoma mpaka betri ikaisha, nikajaza kurasa kumi na saba.

Jumatano moja mchana, nikiwa chumbani, dada akapiga mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Niko peke yangu leo. Bibi amepelekwa kliniki na kijana wake."

Sikumsalimu hata. "Dada, Nizwa hakuna bahari."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Sasa ulitaka niseme nini, na watu wote wamekaa hapo? Nilifika hapa usiku, na geti sijavuka tena. Nyumba iko na ukuta mrefu. Asubuhi nikitoka naona ukuta, naona kamba ya nguo, naona mbingu. Niwaambie hiyo?"

"Wanakutesa?"

"Hapana, bana. Bibi ni mzuri, ata ananirekebisha Kiswahili. Nakula, nalala. Ni vile tu sijui niko wapi."

Nilikuwa na kurasa kumi na saba kuhusu mahali alipo, na yeye hakuwa na hata moja. Akaniuliza mradi umefika wapi, nikafungua daftari, nikaanza kumsomea. Nikamsomea ngome ya zamani. Nikamsomea mifereji inayoteremsha maji kutoka milimani hadi kwenye mitende. Nikamsomea soko la mbuzi la Ijumaa, ambapo wanunuzi hukaa duara na wenye mbuzi ndio wanaozunguka nao. Hapo akacheka, akasema wangeletwa Sirisia wafundishwe soko.

"Halafu kuna mlima," nikasema. "Unaitwa Mlima wa Kijani. Wanapanda makomamanga huko juu, na waridi."

"Ati mlima? Hapa?"

"Karibu na wewe."

"Ni mkubwa kama wetu?"

"Wetu umeushinda."

"Soma tena hapo kwa mlima," akaniambia.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu, polepole, mpaka geti la kwao likalia na akakata simu bila kuaga. Nilikaa na daftari mapajani nikalia kwa sauti. Mvua ilikuwa imeanza, hakuna aliyenisikia.

Nilikabidhi mradi Ijumaa. Kama jibu la swali langu niliandika: ukuta, kamba ya nguo, mbingu. Mkufunzi alizisifu zile kurasa za mifereji. Kwenye jibu alipiga mstari, akaandika kwamba halitoshi, ingefaa nimhoji mtu anayetoka nje. Sikubishana naye.

Jumapili nikaenda nyumbani. Sufuria ilikuwa tayari juu ya kiti na watu walikuwa wameshajaa. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka nilipokaa niliuona Elgon wote, hauna hata wingu. Mama alimaliza habari za goti, akakohoa, akauliza kwa ile sauti yake ya zamani ya kutokea jikoni.

"Bahari iko aje leo?"

Nikainamisha kichwa. Dada alijua nipo.

"Imetulia, mama," akasema. "Iko buluu tu."

Mama akanigeukia. "Andika hiyo."

Mradi ulikuwa umeshakwisha. Nikatoa kalamu, nikaandika.