Mbuzi Aliyekataa Kutua

Mjukuu wangu anatengeneza michezo ya simu, na kazini wamembandika jina la Punguza. Wenzake wakiweka vitufe sita, yeye huviondoa mpaka kibaki kimoja. Mpimaji wa michezo yake ni mimi, kwa kuwa sijui kusoma na kidole gumba changu kina nguvu. Kiliwahi kusimamisha lori lililokatika breki. Usiponiamini, kaliulize lori lenyewe.

Juzi bosi wake alikuja mwenyewe sebuleni kwetu. "Bibi akiuliza swali hata moja, mchezo huu tunautupa," alisema. Maskini Punguza, kazi ya mwaka mzima! Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa ndoo.

Kwenye simu palikuwa na mbuzi, ukuta na kitufe. Nikabonyeza. Mbuzi akaruka ukuta, akapita mawingu, akazidi kupaa.

"Bibi, achia!" Punguza alininong'oneza.

"Nani aliniambia niachie?"

"Hilo ni swali," bosi akadakia.

"Swali liko wapi, baba? Huko ni kugomba!"

Kumbe Punguza hakuwahi kumfikiria mtu anayeshika asiachie, kwa hiyo mbuzi hakuwekewa mwisho. Bosi akainama kuangalia. Mbuzi alikuwa anaupita mwezi.

"Hebu nami nishike," akasema.

Alishika mpaka chai yake ya maziwa ikapoa, ikaota utando. Alipoinuka alimwambia Punguza, "Mchezo tunauchukua. Na huyo mbuzi usithubutu kumshusha."