Skii za Muthangari

Wenzangu mliokuwa watoto Nairobi miaka ya hamsini mtanishuhudia: Agosti ya siku zile ilikuwa baridi kweli. Manyunyu yalianguka polepole hata huyasikii, ukashtukia tu sweta limelowa. Tulitembea peku kwenye umande mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukavipasha kando ya jiko la makaa huku Mama akitufokea tusimwage uji. Vijana wa leo ubaridi ukiwagusa kidogo wanavaa makoti mazito kama magodoro, na bado wanalalamika.

Sisi tulikaa Muthangari, katika nyumba za watumishi nyuma ya bustani ya mzungu ambaye Baba alikuwa mpishi wake. Tulikuwa watu wanne chumba kimoja: Baba na Mama, waliotoka Bungoma, kaka yangu Wafula wa miaka kumi na mitatu, na mimi Nekesa, wa kumi. Ng'ambo ya ua wa michongoma aliishi Mzee Athumani, dereva wa nyumba ya pili. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mkimya, kanzu yake haina doa. Siku yake ya mapumziko alishuka mjini kufundisha watoto Kurani. Mkewe alikuwa amefariki, na alimlea peke yake binti yake Zuhura, rika langu na rafiki yangu.

Zuhura aliugua polio akiwa mdogo. Mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba kama mkono wangu, na ulishikiliwa na vyuma viwili vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi tangu kiatuni hadi pajani. Daktari alikuwa amemwambia Mzee Athumani kwamba mguu huo ukivunjika hautaunga vizuri. Kwa hiyo Zuhura alikatazwa kukimbia, kuruka kamba, na hata kuukaribia mteremko wa nyasi ulioshuka nyuma ya nyumba zetu hadi kijitoni. Sisi wengine mteremko huo ndio uliokuwa uwanja wetu wote. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, askari wamejaa barabarani, na hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto kuranda mbali.

Mambo ya skii yaliletwa na Wafula. Alikuwa akimsaidia Baba kufagia stoo ya mzungu akaona mbao mbili ndefu zimeegemezwa ukutani, nyembamba, ncha zake zimepinda juu kama pua ya kiatu cha zamani.

"Hiyo ni viatu ya barafu," Baba alimwambia. "Huko kwao wanavaa, wanateremka nayo mlima. Wewe fagia."

Baadaye Baba alituletea kalenda iliyokwisha mwaka wake, na humo mlikuwa na picha ya mtu akishuka mlima mweupe, skafu yake ikipepea nyuma. Wafula aliibandika juu ya kitanda chetu. Tuliitazama siku tatu. Siku ya nne akasema, "Nyasi ikilowa inateleza kama sabuni. Hatuhitaji barafu."

Nyinyi mnaonunua mchezo ukiwa ndani ya boksi na karatasi ya maelezo, hebu sikilizeni tulivyofanya. Wafula alibomoa kreti zilizoletwa na viazi akapata mbao kadhaa. Ncha zake tulizitumbukiza kwenye pipa la maji ya moto ambalo Mama alichemshia nguo, tukaziacha mpaka zikalegea, kisha tukazibana katikati ya panda ya mti na kuning'iniza jiwe. Ya kwanza ilikatika. Nyingine mbili zilikatika pia. Ya nne ikapinda, na ya tano pia. Kwa siku sita Mama alishangaa kwa nini maji yake ya kufulia yana harufu ya viazi. Za kufungia miguu tulikata kutoka mpira wa ndani wa gurudumu bovu, na chini tukasugua vipande vya mishumaa mpaka mbao zikang'aa.

Asubuhi ya majaribio Zuhura aliketi juu ya karai lililopinduliwa, upande wake wa ua, akituchungulia. Wafula alisimama juu ya mteremko, akajisukuma. Alikwenda hatua kumi hivi, kisha mguu wa kulia ukashika njia yake na wa kushoto njia yake. Suruali ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipojaribu mimi nikaenda kinyumenyume, nikaishia kwenye matope ya kijito.

Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa akifikiri.

"Kwa nini mwataka mbao mbili?" akauliza kwa Kiswahili chake cha pwani. "Miguu haipatani. Yangu mimi haijapatana tangu nina miaka mitatu. Tengenezeni ubao mmoja, mpana. Mtu asimame ubavu, miguu yote ifungwe hapo hapo, isiwe na pa kwenda."

Wafula alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Hiyo mbao pana tutatoa wapi?"

Ubao mpana ulikuwa mmoja tu, nasi sote tuliujua. Ulikuwa benchi la Baba. Alilitengeneza mwenyewe kwa mvule mwaka aliofika Nairobi, na kila jioni akitoka jikoni kwa mzungu alilikalia mlangoni petu, akavua viatu, akanyoosha miguu bila kusema na mtu. Kuling'oa kulikuwa kosa la kupigiwa. Wafula aling'oa. Mimi nilimshikia taa, yaani nilisimama nikiangalia kama kuna mtu anakuja.

Ubao ule mzito ulitaka siku nne za maji ya moto kwa ncha yake tu. Miguu ya benchi tuliifunika kwa gunia na vyungu vya Mama. Baba alipouliza, Mama, ambaye nadhani alikuwa ameshajua kila kitu, alisema analitumia kuanikia mboga. Baba akakaa juu ya debe.

Wafula aliujaribu kwanza, akashuka mpaka chini bila kuanguka. Nami nikashuka. Kisha tukageuka, na Zuhura alikuwa amepenya kwenye tundu la ua na kusimama nyuma yetu kwa fimbo yake.

"Ni wazo langu," alisema. "Zamu yangu."

"Baba yako atatuua," nikamwambia.

"Chuma kinashika goti, halikunjiki. Nikifungwa vizuri sianguki upesi kama nyinyi." Akaitupa fimbo kwenye nyasi. "Nekesa, nifunge."

Nilimfunga. Mpira uliteleza kwenye chuma kilicholowa. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Baba nyuma ya vyungu, akiita, "Wafula! Benchi yangu iko wapi?" Akatokea juu ya mteremko na aproni yake nyeupe. Karibu naye, akivutwa na kelele, akatokea Mzee Athumani katika sare ya udereva.

Mzee Athumani alimwona binti yake. Alifungua mdomo. Zuhura naye alimwona, na katika uso wake niliona kwamba akisubiri kidogo tu, hatashuka maisha yake yote. Akaegemea mbele.

Sijui niseme nini juu ya kushuka kule. Aliyekuwa akitembea kwa kuvuta mguu, hatua moja na kupumzika, alipita kama ndege. Kanga aliyojitanda ilimponyoka mabegani ikabaki hewani. Chini kabisa ubao uligonga kichuguu, akarushwa, akabingirika kwenye nyasi ndefu, tusimwone tena.

Mzee Athumani alikimbia. Aliteleza akaanguka, akainuka na matope hadi kiunoni, akakimbia tena. Sisi tulimfuata. Mimi nilikuwa nalia tayari, maana niliufunga mpira ule mimi.

Tulimkuta amelala chali anatazama mawingu, mpira wa mguu wa kushoto umefunguka. Baba yake alipiga magoti, akaupapasa ule mguu mwembamba kutoka kiatuni hadi gotini, polepole, kama mtu anayesoma gizani.

"Umeumia?"

"La, Baba."

"Umeogopa?"

"Kidogo. Mwisho tu."

Baba yake akauinua mpira ule.

"Fundo hili kafunga nani?"

"Ni mimi, Mzee," nikasema.

"Fundo la mbuzi. Tazama." Akaufunga mguu wa mwanawe mara mbili, akapitisha ncha chini na kukaza, kama madereva wanavyofunga mzigo juu ya lori. Akaufungua, akanipa mpira. "Fanya wewe." Nikafanya. Akanifanyisha mara ya pili. Kisha akambeba Zuhura mgongoni hadi juu, Wafula akifuata na ubao, na pale juu akasema, "Haya. Tena. Nikuone tangu mwanzo."

Baba alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizolowa na aproni yake safi. Aliangalia ubao wake wa mvule, akamwangalia Zuhura, akamwambia Wafula, "Hii ncha umepinda vibaya. Kesho nitakuonyesha." Likizo ile yote, na baada yake, alikalia debe.

Zuhura alishuka kila asubuhi mpaka shule zikafunguliwa. Mwaka uliofuata tajiri wa baba yake alirudi Ulaya, nao wakarudi Mombasa. Tuliandikiana barua miaka mingi. Alikuwa mwalimu, akazaa watoto watatu, na wote, aliniandikia, walikwea minazi bila kukatazwa.

Leo mteremko ule una maghorofa, na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Wajukuu wangu wanateleza kwenye theluji ya simu, wamelala kwenye kochi. Nawatania, nao wananicheka, tunaelewana. Lakini mwezi uliopita yule wa mwisho, binti wa miaka tisa, aliniomba ashuke na ubao wake wa magurudumu kwenye barabara ya mtaa wetu, ambayo ina mwinamo kidogo. Nilisema hapana kabla hajamaliza kuuliza. Nilitaja magari, nikataja kichwa, nikataja hospitali. Hakubisha. Alirudi ndani, akachukua simu.

Huwa tunasema watoto wa siku hizi wamekuwa laini. Mimi nilibaki mlangoni nikimfikiria mtu yule mkimya mwenye matope kwenye sare, na ni nguvu kiasi gani ilimtoka kulisema lile neno moja: "Tena."