Bizimu ya Tuda

Zayd alipopiga simu kutoka Uhispania kwamba ametolewa kizuizini, mama yake, Tuda, alilia kidogo, akafunga mkate na siagi kitambaani, akaanza kupanda mlima wa Tizi. Shuka lake la sufu lilishikwa begani na bizimu moja tu, pini yake ya kubania. Pacha yake, ya fedha vilevile, ilikuwa huko juu kwa wafu.

Aliiweka rehani majira ya baridi, mwanawe alipopotea baharini akivuka kwenda Uhispania, kwenye rundo la mawe walipolazwa babu zao waliowazuia Wafaransa wasipite. Ndivyo walivyofanya wanawake wa huko: unaomba, unaacha kitu unachokipenda, na ombi likijibiwa unakwenda kukikomboa. Usipokikomboa, ombi linabaki wazi, na ulichopewa chaweza kuchukuliwa. Hata wezi wa kondoo walipita pale wameinamisha macho.

Siku ile ya kuomba alikuta katikati ya mawe kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Alifurahi, masikini. Alidhani mtu mwenye adabu amewaletea wafu chombo kisichoingia mvua, akaitia bizimu humo.

Sasa alikifungua. Alimkuta chura wa plastiki, kijani, anacheka.

Alishuka mbio kwa Addi, mtoto wa dada yake, mwenye nyumba ya wageni. Alikuwa barazani akinywa chai na wenzake.

"Addi! Huyu nani?"

"Chura, mama mkubwa." Wanaume wakaangua kicheko.

"Nimemkuta kwa babu yako. Amekalia mahali pa bizimu yangu."

Addi aliweka gilasi chini. "Kile kisanduku ni changu. Ni mchezo wa wageni. Simu inawaelekeza, wanapanda, wanakisaka. Mtu akikipata, anachukua kitu, anaacha kitu."

"Mlima wote huu, ukachagua mapajani mwa babu yako?"

"Pale ndipo linapoonekana bonde lote, mama mkubwa. Tena nimewaandikia historia ya vita, wanaisoma."

"Kwa hiyo umewaambia kuna wafu, halafu ukawaambia wachokoe!"

Addi akapekua simu. Mwanamke wa Uholanzi alikuwa amepiga picha kileleni, bizimu imechomekwa kwenye kofia. Akamwandikia. Jibu lilikuja birika halijachemka: anasikitika, amekwisha kumzawadia rafiki, lakini alifuata sheria, aliacha chura. Yuko tayari kutuma pesa.

"Hakuiba," Addi alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani?"

Moha muuza duka akajaribu kupoza mambo. "Sonara wa mjini Midelt atakufulia nyingine, Tuda, hata wewe hutaitofautisha."

"Mimi sitaitofautisha. Wao je?"

Zamani wanaume wale wangesimama siku hiyohiyo. Addi angechinja kondoo palepale kwenye mawe na kuomba radhi mbele ya kijiji kizima, na kisanduku kingepondwapondwa. Sasa walimiminiana chai nyingine. Mmoja aliuliza mgeni yule alilala siku ngapi.

Sonara alifua nyingine kweli. Addi akamtuma mama yake nayo, imefungwa kitambaani. Tuda akairudisha bila kuifungua.

Siku ya soko alitokea na chura begani, amefungwa kwa uzi wa sufu pale ilipokuwa bizimu. Hakuweza kushika shuka; kila hatua liliteleza, na bega la ajuza likaonekana na watu wote.

"Shangazi, Mungu akusitiri, bizimu iko wapi?" wanawake walimwuliza.

"Muulizeni Addi. Yeye ndiye anayegawa vya wafu."

Alikwenda hivyo hivyo kwenye mavuno. Alikwenda hivyo kwenye harusi ya Addi mwenyewe, akaketi mbele, mkabala na bibi harusi. Addi alimwinamia. "Mama mkubwa, nakusihi, leo tu mvue."

"Yangu imevuliwa. Huyu ni wako, mtazame."

Kisanduku bado kiko Tizi. Wageni wanapanda.

Na Zayd akipiga simu, kabla hajamaliza kumwamkia, Tuda humkatiza. "Hawajakurudisha kizuizini?"