Chupa ya Mafuta Msibani Isingiro

Safari hii niliianza na hasira, nisiwafiche. Uchaguzi uliopita, mtaani kwetu Bukoba, kituo cha kura kilikuwa karibu kabisa na duka langu la vitenge, na bado majirani zangu walikaa barazani wakisukana. "Kura yangu moja itaongeza nini?" wakaniuliza. Halafu mtaro ukifurika, wa kwanza kulalamika ni haohao! Kwenye kikundi chetu cha akina mama tukasikia kwamba Karagwe na Kyerwa wako watu wasio wa chama chochote, wanaohimiza wenzao kujiandikisha na kupiga kura, na wanaitikiwa. Wenzangu wakaniambia, "Wewe mwenye mdomo, nenda ukaone wanafanyaje." Nikafunga duka.

Asubuhi tulipofika Kyaka tukavuka daraja la mto Kagera, abiria wakanunua mahindi ya kuchoma dirishani, na gari likaanza kupanda milima ya Karagwe. Migomba huku, kahawa kule, nyumba zimejificha katikati. Mimi mzaliwa wa Muleba nimekulia kwenye migomba, lakini ile ya Karagwe ilinifanya nitoe kichwa dirishani kama mtoto anayesafiri mara ya kwanza.

Kihanga nilipokewa na Ma Leokadia, mkulima wa kahawa na mratibu wa hao wahimizaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, waitu, mwenzetu. Karibu, pole na safari."

Akaniwekea kiganjani kahawa kavu ya kutafuna, kama mgeni anavyokirimiwa huku, kisha akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Mwanangu, hicho kitenge, bojo, nakuomba! Ukiongozana nami na rangi hizo, kesho wataniuliza nimehamia chama gani."

Mimi muuza vitenge, nilikuwa nimechagua kile kizuri kuliko vyote! Nikakivua huku nimenuna, nikavaa gauni la binti yake lililonibana mpaka pumzi. Ma Leokadia akawa anapanga kikapu chake: matambara safi na chupa kubwa ya mafuta ya kupikia.

"Tunakwenda kupika?" nikauliza.

"Tunakwenda kuandikisha watu," akanijibu, akafunika kikapu.

Mchana tulikuwa Nyakasimbi, kwenye nyasi za kanisa la kigango, na hapo niliona kitu cha kuwasimulia. Watu walikuwa wanafanya mazoezi ya kupiga kura, na wagombea walikuwa ndizi: ndizi ya kupika, gonja ya kuchoma, na ndizi ya pombe. Kila mmoja alikuwa na wapambe wake. Aliyemnadi ndizi ya kupika alisema bila yeye hakuna mtoto angekua kijijini hapo. Wa ndizi ya pombe akauliza, je, kuna harusi iliyowahi kufungwa kwa gonja? Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha kila mtu akaenda peke yake nyuma ya khanga iliyotundikwa, akaweka alama na kutumbukiza karatasi yake. Ndizi ya pombe ikashinda! Mama mmoja wa kwaya akasimama haraka kuapa kwamba yeye hakuipigia.

"Hatukukuuliza," Ma Leokadia akamkatiza, "na wala usituambie. Kura ni yako na Mungu wako."

Usiku huo nililala kwa dada yake, nikashiba matoke na maharage, na nikalala nikimshukuru Mungu kwa kunileta.

Kesho yake tukaingia Kyerwa hadi Isingiro. Ilikuwa siku ya mwisho ya uandikishaji, na jioni kituo kilikuwa kinafungwa. Tulitegemea foleni. Tulichokuta pale shuleni ni waandikishaji wawili wanaopiga miayo.

"Kuna msiba," mmoja akatuambia. "Mzee wetu, Ta Kalisti, alifariki jana. Anazikwa kesho."

Ma Leokadia akashika kichwa. Huku, maiti ikiwa haijazikwa, jembe haliingii shambani na mtu haendi kwenye shughuli zake. Kitongoji kizima kilikuwa msibani, na humo walikuwamo vijana wengi ambao hawajawahi kujiandikisha.

"Si twende tukawatangazie?" nikasema.

"Thubutu! Ukisimama kwenye msiba wa watu ukatangaza uchaguzi, Isingiro umekwisha. Beba kuni."

Nikabeba kuni, na gauni lile la kubana. Tulipofika tulilia na waliokuwa wanalia, kisha tukakaa na wanawake kumenya ndizi. Ma Leokadia akamenya kimya. Mimi nilikuwa nawashwa. Nikamkanyaga mguu, akanikanyaga zaidi. Karibu yangu alikaa Domina, binti wa marehemu, ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na minane, macho yamevimba kwa kulia, naye anamenya tu.

Baadaye tukaitwa ndani. Mjane, Ma Koletha, alikuwa amekaa mkekani.

"Leokadia," akasema kwa sauti iliyokauka, "tangu wiki iliyopita umetusumbua hapa na uandikishaji wako. Leo mbona umenyamaza?"

"Leo nimekuja kulia na wewe, dada yangu."

Ma Koletha akajifuta uso. "Kalisti alisema leo atampeleka Domina mwenyewe. Aliwatangazia wanywaji wenzake wote, 'Mwanangu sasa ni mtu mzima, foleni yake ya kwanza atasimama nami.'" Akamwita binti. "Nenda."

"Mama, siendi. Nitakuachaje?"

"Utaniacha na watu wote hawa. Baba yako aliahidi." Kisha akapaza sauti hadi uani: "Na nyinyi nendeni, kwa zamu! Wachimba kaburi kwa zamu, wamenyaji kwa zamu. Sitaki Kalisti azikwe kesho na watu wanaonung'unika kwamba kifo chake kimewakosesha kura."

Ma Koletha akanigeukia mimi.

"Wewe mgeni, hapa humjui mtu, na ndizi zetu nimeona unaziharibu tu. Msindikize mwanangu."

Jamani! Mhaya mzima kuambiwa hajui kumenya ndizi! Lakini nilimshika Domina mkono, tukaondoka.

Kituoni aliweka vidole kwenye mashine, ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. "Vidole havisomeki," mwandikishaji akasema kwa huruma. Domina akavitazama vidole vyake, akavifuta kwenye gauni. "Basi turudi," akaninong'oneza. Nilitaka kuivunja ile mashine.

"Turudi wapi?" Ma Leokadia alikuwa ameingia nyuma yetu na kikapu chake. Akamketisha Domina kwenye benchi la darasa, akammiminia mafuta mikononi. Ndipo nilipoelewa. Utomvu wa ndizi! Ukimenya bila kupaka mafuta, unaganda vidoleni, mweusi, na maji peke yake hayautoi. Akamsugua kidole kimoja kimoja, polepole, kama anaogesha mtoto mchanga.

"Tunawapoteza wengi hivi," akaniambia. "Mtu anatoka kumenya, mashine inamkataa, anarudi nyumbani akidhani serikali haimtaki. Harudi tena."

Mara hii mashine ikakubali. Alipopigwa picha, mwandikishaji akamuuliza kama angependa anawe uso kwanza, wapige nyingine.

"Iache," Domina akasema. "Leo ndivyo nilivyo."

Tulipotoka nje, foleni ilikuwa imeanza kujipanga: wanawake wenye vidole vyeusi, wanaume wenye udongo wa kaburi hadi viwikoni. Nikachukua tambara. Nilisugua mikono ya watu nisiowajua mpaka kituo kilipofungwa, na kila mmoja aliniambia asante, mimi niliyekwenda pale kuomba kufundishwa.

Tulimzika Ta Kalisti siku iliyofuata. Kadi ya Domina nilimwona mama yake ameishika kiganjani, ndani ya khanga, wakati wote wa ibada. Nilipoaga, akanifungia mkungu mzima wa ndizi. "Ukajifunze kumenya," akasema.

Bukoba wenzangu walinisubiri na maswali, wakitarajia niwaletee vipeperushi. Niliwapa ndizi wamenye. Nikawaambia tuache kuwafokea majirani vibarazani, tukae nao, tusaidie kusuka, tuwasikilize mpaka wao wenyewe watuulize. Walinishangaa, mtu mwenye mdomo kama mimi!

Juzi Domina alinipigia simu.

"Mama, siku ya kura utakuja unisindikize tena?"

Nikamwambia siwezi, mwanangu, siku hiyo nitakuwa kwenye foleni ya huku kwetu, na nina majirani wa kuwasindikiza.

"Basi sawa," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka. "Mimi nitampeleka mama. Mafuta tunayo."