Karani Hakuwa Stering

Sogeza kiti karibu, wewe uliyewahi kutoroka kazi za nyumbani Jumamosi mchana ukiwa na sweta bado mbichi, maana haya nitakayokueleza nusu yake unaijua. Enzi zetu hapa Eldoret, sisi watoto wa mtaa wa Kimumu tulitazama sinema katika ukumbi wa kanisa. Vijana wa kanisa walifunika madirisha kwa mablanketi na magunia mpaka mchana ukawa giza. Tulikaa sakafuni tumebanana, tukinuka moshi, mahindi ya kuchemsha na sabuni ya kipande. Mashine ya sinema ilinguruma kama ile ya kusaga unga.

Filamu zilikuwa za Hollywood, nyeusi na nyeupe, za zamani hata wakati huo. Kiingereza chake kilitokea puani na hatukukielewa, kwa hivyo Mzee Barasa, aliyeendesha mashine, alitutafsiria kwa sauti kubwa: "Sasa anamwambia atoke. Huyu naye amekataa, ana kichwa ngumu." Kwa wale waliozaliwa juzi, nieleze polepole: stering ni yule mkuu wa filamu, ambaye risasi zote humkwepa. Jumatatu wakati wa break tuliigiza filamu nzima upya, na ugomvi wa kwanza ulikuwa nani awe stering.

Mimi nilimpenda mtu mwingine. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye masikio makubwa, na karibu kila filamu alikuwemo. Wiki hii ni karani wa hoteli, wiki ijayo daktari wa kijiji, halafu hakimu, halafu muuza majeneza. Tulimwita Karani. Padre aliyeleta filamu alikuwa amemweleza Mzee Barasa maisha yake: alianzia kwenye majukwaa ya miji midogo, akisafiri kwa treni na sanduku moja la nguo, akiigiza wazee hali yeye mwenyewe ni kijana, nywele zimepakwa unga. Hakuwahi kuwa stering hata mara moja. Lakini masteringi walikuja na kupotea, naye alifanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe kweli, bila kupakwa unga. Alipotokea, Mzee Barasa alinyamaza. "Huyu hahitaji kutafsiriwa," alisema.

Sasa nikwambie kwa nini mtu huyo ni wangu. Nilikuwa na kigugumizi. Nikiwa darasa la sita, Mwalimu Cherono alitutayarishia mchezo wa siku ya wazazi, akanipa pati, yaani sehemu, ya mhudumu wa hoteli. Kazi yangu ilikuwa kumletea tajiri chai na kusema sentensi moja: "Bwana, kuna mtu nje anakungoja." Tajiri alikuwa Jepkosgei, rafiki yangu, na hakuniacha nipumue.

"Wee Nafula, si hiyo ni pati ya kubeba kikombe tu?"

"N-ni pati pia."

"Ukianza kusema hiyo 'Bwana', huyo mtu wa nje atachoka aende kwao."

Darasa zima lilicheka, nami pia nikacheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya choo. Shida haikuwa Jepkosgei. Shida ilikuwa Mama, ambaye aliuza mboga sokoni na alikuwa ameshawaalika wenzake wote wa pale. Nikikwama, angeaibika mbele ya watu aliokaa nao kila siku.

Jumamosi nilimwambia Mzee Barasa kwamba najitoa. Hakunibembeleza. Aliwasubiri watoto wengine watoke, akarudisha mkanda nyuma, akanionyesha tena Karani akimletea stering barua.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Bado hajasema, Mzee."

"Na wewe umeangalia nani?"

Nilikuwa nimemwangalia Karani tu. Alipangusa miwani, akanyoosha barua iliyokuwa imenyooka tayari, akatazama viatu vya stering vyenye matope, akatazama zulia la hoteli. Ndipo akafungua mdomo. "Hana haraka," Mzee Barasa alisema. "Wewe unadhani maneno yanakuchelewesha. Ipe mikono kazi wakati unayangoja."

Wiki hiyo nilibeba kikombe kitupu nyumbani hadi Mama akauliza kama kimeniganda mkononi. Siku yenyewe ilipofika, neno lilikwama, kama Jepkosgei alivyosema. Niliisikia ile B imelala nyuma ya midomo. Basi nikapangusa meza. Nikageuza mkono wa kikombe uelekee kwa tajiri. Nikagusa kikombe, nikavuta kidole haraka, nikakipuliza. Watu wakaanza kucheka, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine, cha watu wanaotaka kuona zaidi. Nikangoja kiishe. Kisha nikasema sentensi yangu yote, bila kujikwaa.

Tukirudi nyumbani Mama aliniuliza:

"Nafula, ile chai ilikuwa na maziwa?"

"Kikombe kilikuwa kitupu, Mama."

"Wacha. Mimi niliona mvuke."

Siku hizi watoto wetu hawagombani tena juu ya nani awe stering, kwa sababu kila mmoja ni stering katika simu yake mwenyewe. Wanacheza vizuri, wanavaa vizuri, siwalaumu. Ninachojiuliza ni nani atawaletea chai.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinitafutia mojawapo ya filamu zile. Stering sikumkumbuka hata kidogo. Karani alipoingia, nilimtambua kabla sijaona uso. Filamu ilipokwisha, mtoto akataka kuzima, nikamshika mkono. Majina yalipanda, makubwa kwanza, kisha matano madogo pamoja, bila kusema nani alikuwa nani. Moja kati ya hayo ni lake, sijui lipi. Nikayasoma yote matano kwa sauti, nikikwama hapa na pale, na mjukuu akaningoja.

Nawe leo filamu yako ikiisha, usizime. Ngoja majina madogo yafike, uyasome kwa sauti.