Mashine Niliyoinyamazisha kwa Bi Rehema

Nakumbuka Ijumaa moja kule Toronto, miaka ya tisini, na usinione kimya tangu jana ukadhani yamekwisha. Nina hasira nawe, mwanangu. Umenionyesha kazi yako ya chuo, ukaniambia huku unacheka kwamba watu ambao mashine yako ilishindwa kuwatambua umewafuta, ili jedwali lipendeze. Basi kaa hapo, zima hiyo simu, unisikilize.

Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, msichana wa Tanga niliyejiona nimefika. Kazi yangu ilikuwa vihisi, vidude tulivyobandika ukutani ili kompyuta ijue mtu yuko wapi chumbani, na akianguka iwapigie jamaa zake simu yenyewe. Bi Rehema wa mtaa wa Etobicoke akanifungulia nyumba yake, ghorofa ya kumi na moja, nikajaribie hapo. Alikuwa ameshanifanya mwanawe tangu nilipofika na kijikoti kisichofaa hata kwa mvua. Goti lake lilikuwa bovu, na bintiye Zaituni alishinda kiwandani, mtaa wa Downsview. Zaituni akanishukuru, akasema sasa atafanya kazi bila wasiwasi, mama ana wa kumwangalia.

Wee! Siku ya kwanza tu, simu juu ya simu. Kila Bi Rehema akisujudu, kompyuta inadhani ameanguka. Zaituni anaacha kazi mbio, anamkuta mama yuko kwenye mswala anavuta uradi. Msimamizi wake akamwambia akitoka tena asirudi. Mimi nami siku yangu ya kuzungumza kwenye semina ilikuwa inakaribia. Nikafanya ujanja. Saa za sala nazijua, si nimelelewa nazo? Nikaiamuru mashine inyamaze saa hizo zote. Sikumwambia Bi Rehema, sikumwambia Zaituni, wala profesa.

Ijumaa hiyo, saa saba mchana, nikasimama mbele ya mabingwa wa akili za mashine nikawaonyesha mchoro wangu. Wiki mbili, simu ya uongo hata moja hakuna. Wakapiga makofi. Profesa akauliza nimefanyaje, nikajibu nimeboresha hesabu. Uongo mtupu, na niliusema bila kupepesa macho.

Saa hiyohiyo Bi Rehema alikuwa sakafuni. Goti lilimkatalia akiinuka kwenye sijida, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mashine ilimwona ikanyamaza, kama nilivyoiamuru, na saa ya sala ilipopita haikupiga, maana ilijua kumwona mtu akianguka, si aliyekwisha kuanguka. Alilala pale mpaka Zaituni aliporudi jioni.

Hospitalini nililia nikamweleza Bi Rehema yote. Hakunifokea, na heri angenifokea.

"Hao wasomi wako uliwaambia kwamba mimi nasali?" akaniuliza.

"Sikuwaambia, mama."

"Basi ulinifuta. Nenda ukawaambie nilikuwepo."

Ijumaa iliyofuata nikasimama palepale nikasema kweli. Kazi ikakataliwa, nikaanza upya mwaka mzima. Mwenzangu mmoja akanifuata koridoni kunishauri kwamba ningekaa kimya tu, nani angejua? Mpaka leo nikimkumbuka natamani ningemzaba kofi. Zaituni hakunisemesha baridi yote ile, na alikuwa na haki. Bi Rehema hakutembea tena bila mkongojo, lakini chai yake aliendelea kunipa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sasa wewe. Hao uliowafuta ni watu, wana nyumba na watoto wanaowategemea. Ukipata jibu usilolipenda, liandike kwanza, ndipo uumize kichwa. Ukizima chochote kwenye mashine yako, wa kwanza kuambiwa awe yule anayeitegemea. Na makofi ya wakubwa yasikufanye umsahau mtu aliyekufungulia mlango. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu wako ukawarudishe wote, mmoja mmoja. Ukiona haya kwenda peke yako nitakusindikiza, hata kwa miguu yangu hii inayouma.

Hasira yangu ni ya mama, itapoa. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema umekosea kabla mtu hajalala sakafuni akikusubiri. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.